Themanini, Mtu Aliyefanywa Waya

Kabla historia hii haijaanza, wewe uliyekwisha kukunja uso hapo ulipokaa ukunjue, maana dada wa marehemu, ambaye ndiye anayesoma, anakujua vizuri, na anajua kwamba tukifika katikati utamgusa mwenzako ubavuni na kumnong'oneza, “Huyu bibi uzee umemzidi, mtu gani afungiwe miaka kwa ajili ya kipande cha waya?” Basi nong'ona sasa hivi, umalize, halafu unyamaze, kwa sababu kila tarehe iliyomo humu imetoka kwenye karatasi, karatasi zenyewe zimo kwenye mkoba huu wa kahawia, na mwenye shaka atazisoma baadaye, kama anajua kusoma kweli na si kutazama picha tu.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wake, mtaa ulio nyuma ya ghala la mbao, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, wa kwanza akiwa huyu dada yake, ambaye siku hiyo alikuwa na miaka sita, akatumwa bombani na ndoo, akarudi akakuta nyumba imeongezeka mtu na hakuna hata mmoja aliyemwambia asante kwa maji.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, hakuwa wa kwanza wala wa mkia, na mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti, “Anahesabu vizuri, ila polepole,” mama yao akamchapa kwa ajili ya lile neno “ila”, masikini, hakujua kwamba mwanawe angekuja kulishwa kwa kuhesabu polepole. Mwaka 1973 aliingia chuo cha ufundi, akajifunza umeme kwa miaka miwili na nusu, na kuanzia tarehe 5 Aprili 1976 alifanya kazi katika karakana ya kusuka mota, akivua nyaya zilizoungua na kusuka mpya, na huko ndiko alikojifunza kusimika bisibisi kwenye mota na kutega sikio kwenye mpini wake, kama daktari na kifua cha mgonjwa, akisikiliza, mpaka mke wa mwenye karakana akawa anasema, “Huyu kijana akioa, mkewe asiwe na siri.”

Siku ya Jumatatu, tarehe 2 Agosti 1982, aliajiriwa kuwa mwangalizi wa mitambo katika kituo cha kusukuma maji kilicho chini ya mlima, ambacho kila mmoja wenu ameoga maji yake na hakuna aliyewahi kujiuliza maji yanapandaje mlima bila miguu. Kituo chenyewe ni chumba kimoja cha matofali, mlango mmoja wa chuma, dirisha moja lenye nondo, sakafu inayotetemeka, pampu moja kubwa na mota yake iliyopakwa rangi ya kijani, na stuli, kalenda ukutani na kikombe, na huo ndio ulimwengu marehemu alioutazama kwa miaka thelathini na minane na miezi saba.

Jumamosi ya tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na mshonaji wa mtaa wa pili, mwanamke wa maneno machache na sindano nyingi, wifi ambaye baada yake dada hakupata tena mwingine wa kumgombeza kwa raha vile, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1986, ambaye leo ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1990, ambaye ni dereva wa lori, nao wamekaa hapa mbele, mnawaona, wana pua ya baba yao na hakuna la kufanya.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtu huyu alipoingia na hakutoka. Mwezi Februari 2004 kililetwa kituoni kifaa kipya cha kudhibiti mwendo wa mota, kimo ndani ya sanduku la chuma lenye urefu wa mtu, wafanyakazi wakakiita kabati, na kazi ya kabati ni kuupokea umeme, kuukata vipande vipande na kuupika upya, ili mota iende kasi au polepole kadiri tangi la mlimani linavyohitaji, badala ya kukurupuka kama punda aliyechomwa. Kifaa hicho kina nguvu za jitu na moyo wa yai. Marehemu alimweleza dada yake mezani kwa kutumia vijiko, na kama dada wa darasa la saba alielewa, nanyi mtaelewa, kwamba kati ya kabati na mota kuna swichi ya mkono, yenye mpini mwekundu, na ukiuvuta mpini huo wakati kabati bado linasukuma, ule umeme unakuwa kama mtu aliyeuegemea mlango ukafunguliwa ghafla, unaanguka na kuvunja vilivyomo ndani, na tena maji yaliyokwisha kupanda mlimani yanarudi mbio na bomba, yanaizungusha pampu kinyumenyume, mota nayo inageuka kuwa mtambo wa kuzalisha umeme, na mtu akiliwasha kabati wakati huo, inakuwa kupandikiza moto juu ya moto. Vali ya kuyazuia maji yasirudi ilikuwapo, lakini ilikuwa imezeeka, ilifunga mdomo kama kibogoyo.

Kwa hiyo yeye aliweka utaratibu wake, kwanza kulibonyeza kabati lipunguze mwendo kidogo kidogo hadi liache kusukuma, pili kusimama mbele ya mota na kuhesabu moja hadi themanini kwa sauti, huku akiliangalia gurudumu la mota mpaka liwe limetulia kabisa, mbele halijongei na nyuma halijongei, tatu, na hapo tu, kushusha mpini mwekundu, kisha kutundika kwenye mota ubao alioupaka rangi mwenyewe, wenye neno moja, INAPUMZIKA. La kwanza aliliita kusimamisha na la tatu aliliita kuzima, na alikuwa mkali juu ya maneno hayo mawili kuliko alivyokuwa mkali kwa watoto wake. Wenzake wakamcheka, wakamwita Themanini, jina likamganda, hata mkewe alipokuwa akimwita chakulani alisema, “Baba watoto, Themanini, wali unapoa, au mpaka usimame kwanza?”

Lakini mtu hawezi kuwa kila siku mahali pamoja, na hilo alilijua, ndiyo maana tarehe 17 Mei 2004 aliandika barua ya kwanza, nakala hii hapa, “Naomba waya wa nyuzi mbili, mita sita, kutoka swichi ya mkono hadi kwenye kabati, ili mpini ukianza tu kushuka kabati lipate habari na kuacha kusukuma kabla njia haijakatika, na naomba vali mpya.” Barua ilirudi baada ya wiki tatu, haikujibiwa kwa barua, ilijibiwa pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wa Mhandisi wa kituo, maneno matatu na alama ya kuuliza, “Si upo wewe?”

Aliandika barua kumi na moja. Alipoomba likizo mwaka 2006 aambatane na mama yao mgonjwa aliambiwa, “Nani atahesabu? Si upo wewe?” na dada akamuuguza mama peke yake, alipoomba mwaka 2008 kwenda mahafali ya binti yake aliambiwa hivyo hivyo, tangi la mlimani linajazwa mchana, na mchana ndio uliokuwa na harusi, misiba, mahafali na jua, yeye akabaki na kalenda. Mita sita za waya, jamani, ndizo umbali wa kutoka hapa anaposimama dada mpaka safu ile ya pili alipokaa Mhandisi mwenyewe, ambaye siku hizi ni Meneja, tunamshukuru kwa kuja.

Siku ya Jumatano, tarehe 19 Oktoba 2011, saa tatu asubuhi, marehemu alipewa ruhusa ya saa mbili, mara ya kwanza kwa miaka saba, kwenda hospitali kusaini karatasi za upasuaji wa mkewe, aliyekuwa na uvimbe tumboni, akamwachia chumba mwenzake wa kutia dawa kwenye maji, mtu mzima mwenye familia, anayeitwa Haraka kwa sababu hula akiwa amesimama, na kwenye mlango wa kabati akabandika karatasi yenye herufi kubwa, USIZIME. SIMAMISHA KWANZA. HESABU 80. Saa nne na dakika kumi bomba lilipasuka mbele ya duka la viatu, maji yakaruka juu ya paa, na saa nne na robo mpini mwekundu ulivutwa huku kabati likisukuma kwa nguvu zote, kikatoka kishindo kimoja kama sufuria iliyoangushwa, mwanga wa buluu, harufu ya kucha zilizoungua, na mlima mzima ukakaa siku sita bila maji.

Tarehe 2 Novemba ilikaa kamati ya watu watatu, wote na shahada, wakaitazama ile karatasi ya mlangoni, wakashauriana asubuhi nzima, na wakaandika, na dada anawasomea kama ilivyo, “Kwa kuwa kuzima na kusimamisha ni kitu kimoja, maelekezo yaliyoachwa na mwangalizi yalimtaka mwenzake afanye na asifanye jambo lile lile, na hayakueleweka, kwa hiyo hasara hii imetokana na uzembe wa mwangalizi.” Watu watatu wenye shahada. Zima taa ukiwa umesimama, halafu simamisha taa ukiwa umezima, uone kama ni kitu kimoja.

Hawakumfukuza, wangemfukuza angalau angelala mchana. Walileta kabati jipya, bila ule waya, na kuanzia Jumatatu ya tarehe 7 Novemba 2011 ikatoka amri kwamba mwangalizi asitoke chumbani wakati mota inazunguka kwa sababu yoyote ile, na mlinzi akapewa kufuli, akawa anaufunga mlango wa chuma kutoka nje saa moja asubuhi na kuufungua saa kumi na mbili jioni, “kwa usalama wa kifaa”, chakula kikawa kinapitishwa kati ya nondo, bakuli limelazwa ubavu, mchuzi ukibaki kwa nondo. Mlinzi naye hakuwa mtu mbaya, kila asubuhi alisema, “Nisamehe, Mzee Themanini,” na marehemu alimjibu, “Funga tu, bwana, hata kuku hufungiwa,” mpaka neno “nisamehe” likachuja, akawa anafunga kimya.

Alhamisi ya tarehe 11 Juni 2015, saa nne asubuhi, wifi alifariki nyumbani, kitandani kwake, uvimbe ule ulikuwa umerudi, na dada akatembea na miguu yake hadi kituoni, akashika nondo za dirisha, akamwambia, “Mkeo amekwenda.” Marehemu alimtazama dada yake, akageuka, akalibonyeza kabati, akasimama mbele ya mota na kuanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, na dada, Mungu amsamehe, akampigia kelele pale dirishani, “We mwanamume, mke amekufa, wewe unahesabu?” Yeye akafika themanini, akashusha mpini, akautundika ubao wake, akaja dirishani na kusema, bila kupandisha sauti, “Dada, hata nisipohesabu, mlango umefungwa.” Mlinzi alikuwa amekwenda kula, ufunguo uko mfukoni mwake. Wakakaa hivyo, yeye ndani kwenye stuli, dada nje kwenye tofali, nondo katikati, saa moja na dakika ishirini, na katika maisha yao hawakuwahi kukaa pamoja muda mrefu hivyo tangu utotoni.

Tarehe 14 Machi 2017 alistaafu, wakampa saa ya ukutani na hotuba, na Jumatatu iliyofuata gari likaja mlangoni, “Mzee, njoo kwa muda kidogo tu, mpaka apatikane mwingine,” na muda huo kidogo ukawa miaka minne, kufuli lile lile, bakuli lile lile, na dada alipomuuliza, “Kwani huna mdomo wa kusema hapana?” alijibu, “Nikikataa, litaungua tena, na wataandika tena jina langu.” Hapo ndipo dada alipoelewa kwamba kufuli la mlango lilikuwa dogo, kubwa lilikuwa lile neno uzembe, ambalo alikuwa amelimeza na likakataa kushuka.

Jumatatu ya tarehe 15 Machi 2021 alikuja fundi kutoka nje, mama mmoja mnene mwenye miwani, aliyetumwa kuangalia kitu kingine kabisa, akamkuta marehemu anahesabu, akamwuliza, “Mzee, mbona unahesabu kama mtoto wa kibe anayesubiri wenzake wajifiche?” naye alipoelezwa akavua miwani, akasema, “Hawakukufungia waya wa kuliarifu kabati? Miaka yote hii?” akatoa bunda la waya kwenye begi lake, akapima mita sita, akafunga, kisha akaliagiza kabati lenyewe lisikubali kuwashwa tena mpaka zipite sekunde themanini, halafu akasema, “Haya Mzee, sasa vuta mpini wakati inazunguka.” Marehemu alikataa. Akavuta yule mama mwenyewe, kabati likanyamaza palepale kwa adabu, hakuna kishindo, hakuna mwanga, hakuna harufu, na kazi yote, pamoja na kikombe kimoja cha chai, ilichukua dakika ishirini na tano. Marehemu aliomba apewe kipande kilichobaki, urefu wa kiganja, akaenda nacho nyumbani, akakiweka mezani, akakitazama mpaka chakula kikapoa.

Msidhani alipoachwa arudi nyumbani, waya ukiwa umeichukua kazi yake, alikuwa huru. Asubuhi alivaa, akausogelea mlango wake mwenyewe, usio na kufuli wala komeo, akasimama mbele yake akisubiri uje ufunguliwe, na mwanawe akipita humwambia, “Baba, sukuma tu,” naye husema, “Aa, kumbe,” na kesho yake tena vilevile.

Mwezi Septemba 2023 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi, daktari akasema ni moyo, na tarehe 22 Januari 2024 alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, dirisha lisilo na nondo. Jumanne ya tarehe 30 Januari alikuja Haraka kumwona, akakaa kwenye ncha ya kiti, akageuzageuza kofia yake, na mbele ya dada akasema, “Kaka, lile karatasi lako nililisoma. Nilielewa kila neno. Mhandisi alipiga simu akasema zima, nikamsomea karatasi yote, akaniambia, wewe unanifundisha kusema? Zima, kitu kimoja hicho. Nikavuta. Kamatini nikasema halikueleweka, nilikuwa na watoto wanne.” Marehemu akamuuliza, “Kabla hujavuta, ulihesabu?” Haraka akasema, “Nilifika tisa.” Marehemu akacheka, kicheko cha kwanza baada ya miezi mingi, akasema, “Tisa si haba, kwa mtu anayeitwa Haraka.” Yeye alisamehe, hiyo ni shauri yake, dada alitoa kalamu, Haraka akayaandika hayo yote na kutia sahihi, na karatasi imo mkobani, naye kama amekuja leo atakuwa amekaa karibu na mlango kama kawaida yake, mwacheni, wa kusema amesema.

Marehemu alifariki siku ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nane mchana, akiwa amebakiza wiki tano na siku mbili kutimiza miaka sitini na saba, aliitwa Themanini na themanini hakuiona. Mstari wa mashine iliyokuwa kando ya kitanda ulinyooka, daktari akanyoosha mkono kwenye swichi, na binti yake, muuguzi mwenye miaka yake kumi na minne ya kazi, akasema, “Daktari, tafadhali, subiri,” akahesabu kwa sauti, moja hadi themanini, na alipomaliza ndipo daktari akazima. Alisimama kwanza, ndipo wakazima, na kama kamati ile ingekuwapo wodini ingejua tofauti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa huyo daktari aliyekubali kusubiri bila kuuliza sababu, inawashukuru majirani walioleta viti, hata wale walioleta vitatu na kusema kumi, inamshukuru mama fundi mwenye miwani, popote alipo, inamshukuru mlinzi kwa yale maneno ya miaka ya mwanzo, na inawashukuru wafanyakazi wenzake na uongozi wao kwa shada hili kubwa la maua, lakini haja yetu si maua. Kwenye faili lake ofisini bado kuna neno uzembe, familia inaomba liondolewe, na maelezo ya Haraka yawekwe mahali pake, Meneja atapewa nakala hapa hapa pamoja na kile kipande cha waya, kitaachwa magotini pake, na ofisi ikikataa si kitu, kwa maana limekwisha kufutwa leo, kwa sauti, mbele ya watu wote wanaooga maji yake.

Ubao wake tumeutundika hapo kwenye jeneza, mnauona, INAPUMZIKA, asiuondoe mtu. Pumzika, mdogo wangu, na amani uikute huko, huku haikupewa ruhusa ya kutoka. Nanyi mliobaki mtakaa kwenye viti vyenu mhesabu themanini, polepole, na Meneja naye ahesabu, ndipo msimame, dada amemaliza, anakunja karatasi zake, anatoka, na mlango anaufunga mwenyewe kutoka nje, msishtuke, hauna kufuli.